Ruba wa Maji ya Chumvi

Tangu kiharusi kimpige, mume wangu Kasmiri alibakiwa na maneno mawili, ndiyo na hapana, na safari moja: kutoka kitandani hadi kwenye tangi la samaki sebuleni. Mtaalamu wa mazoezi alishindwa kumtembeza. Tangi liliweza. Binti yetu Rosa, anayelea matumbawe kwenye kituo kimoja Dar es Salaam, ndiye aliyelileta na kuchanganya maji yake ya chumvi. Mimi nilitaka kimoja tu: lisife. Likifa, Kasmiri hainuki tena.

Jumamosi Rosa alituma kwa basi kipande kipya cha matumbawe. Jumapili baada ya misa, wifi yangu Fausta, aliyekuja kutoka kijijini Mchombe kumjulia hali kaka yake, aliona kitu chekundu kikitoka kwenye tundu la jiwe lililobeba matumbawe hayo, kirefu kama kidole.

"Ruba huyo, wifi."

Mtu aliyekulia kwenye majaruba ya mpunga haambiwi mara mbili. Ruba hutiwa chumvi, akaachia. Nina diploma ya maabara, nimetazama minyoo kwa darubini miaka ishirini na mbili, lakini mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo la chumvi. Nikamwaga konzi nzima.

Mnyoo akarudi tunduni taratibu, kama aliyeongezewa sukari kwenye chai. Chumvini ndiko kwao. Matumbawe, yaliyokuwa yamechanua kama maua, ndiyo yaliyofumba, ua moja baada ya jingine, mpaka likabaki jiwe tupu. Fausta alicheka, akaona kaka yake kitini amegeukia ukuta, akaacha.

Nilimpigia Rosa. Aliniuliza kwanza chuoni nilisomea nini hasa. Kisha akanielekeza: nifyonze chumvi ya chini kwa mpira, nibadilishe maji kidogo kwa yale ya dumu aliloniachia, nisimguse mnyoo kwa mkono. Mnyoo bapa, laini kama jani lililolowa, ni adui. Mwenye nywele ubavuni mara nyingi hula mabaki, ila wapo wachache wanaokula matumbawe.

"Usiangalie sura tu, Mama. Angalia anakula nini."

Nilifyonza, nikabadilisha maji. Kukaa na kuangalia bila kufanya kitu si kawaida yangu. Nilishika kioo cha kukuzia, nikaona nywele. Alipotoka na kutembea zililala na kuinuka pamoja, kama mpunga upepo unaposhuka kutoka milimani. Mwanga wa bluu ulitambaa ukutani, juu ya shuka lililofunika magoti ya Kasmiri, juu ya mkono wake uliolala, ikawa kama chumba kizima kimeshushwa majini nasi tunapumua humo bila shida. Ng'ombe wa jirani yetu Mabula walipita wakielekea mto Lumemo, kengele zao zikilia mbali, juu yetu. Huwa sisinzii mchana. Siku hiyo nilisinzia.

Nilipozinduka, Kasmiri alikuwa amesogeza kiti hadi kwenye kioo. Mnyoo alikuwa nje tena. Sikutaka kubahatisha. Nikachukua koleo refu, nikaliingiza majini.

"Mwache."

Koleo likasimama. Kidole cha mkono mzima wa Kasmiri kilikuwa juu ya kioo, kikimfuata mnyoo. Punje ya chakula cha samaki: akaimeza. Ua lililofumba: akalipita. Punje nyingine.

"Mara tatu amelipita," alisema Kasmiri, akilivuta kila neno kama ndoo kutoka kisimani. "Halili. Anafagia."

Nikatoa koleo, nikaleta kigoda, nikaketi kando yake. Fausta aliuliza kutoka jikoni kama ainjike wali. Nikamwambia asubiri, tunatazama.