Sauti Ndani ya Mpira

Kisima cha nyumbani kwao Pujini kilipogeuka chumvi, Muntasir alisema hawezi kuhangaikia maji hali pango la nyuma ya shamba lake lina maji matamu. Bwawa la mlangoni mwa pango lilikuwa tope tupu, ila ndani, ukishapita kwa tumbo kwenye ujia mwembamba, palikuwa na chumba chenye maji safi. Maji ya pango lile hupanda na kushuka pamoja na bahari, ingawa bahari yenyewe huioni. Muntasir alingoja yapwe, akajifunga tochi kichwani, akaingia akiburura mpira wa pampu. Mkewe, Ummkulthum, alibaki mlangoni akiuachia mpira kidogo kidogo.

Mvua ya masika ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Hawakuitilia maanani. Baadaye watu walisema upande wa Wawi ilimwagika kwa nguvu zaidi, na maji yake yakapita chini kwa chini mpaka pangoni.

Ummkulthum alishtuka miguu yake imelowa. Alipotazama, uwazi wa ule ujia ulikuwa umebaki kiasi cha kiganja. Kabla hajamaliza kuita jina la mumewe, na hicho kiganja kikamezwa.

Akauweka mpira, uliokuwa bado haujafungwa kwenye pampu, mdomoni, akapiga kelele, kisha akauhamishia sikioni.

"Nipo," ikaja sauti, nyembamba kama ya mtu mwingine. "Nimepanda juu ya jiwe. Maji vipi huko?"

Majirani walikuja mbio. Hamdan, ndugu yake Muntasir, alizamia, akaibuka paji la uso limechanika. "Sioni hata mkono wangu," alisema, akazamia tena, akarudi vilevile. Mtu akatumwa Chake Chake kutafuta wazamiaji. Bi Kijakazi, mama yao, alifika kanga zimemganda mwilini, akakaa kwenye tope pembeni ya mkwewe.

"Kulthum," mpira ukasema. "Yanashuka?"

Ummkulthum alitazama ukuta wa jiwe. Mizizi iliyokuwa ikining'inia juu ya maji sasa ilikuwa ikielea.

Bi Kijakazi alimkamata mkono. "Mwambie yanashuka," alinong'ona. "Mpe moyo mwanangu."

"Kulthum, usinfiche."

"Yanapanda," alisema. "Hamdan kazamia, kashindwa. Wazamiaji wameitwa. Lakini yanapanda, Muntasir."

Bi Kijakazi aliuachia ule mkono kama aliyeshika sufuria ya moto.

Ndani ya mpira Ummkulthum akasikia kilio, kilio cha mtu aliyejiziba mdomo asisikike. Kilipokwisha, Muntasir akamuuliza mama yake yuko wapi. Ummkulthum akausogeza mpira kwenye sikio la mkwewe, lakini Bi Kijakazi akausukuma, akageuza uso.

"Mie siagani na mtoto aliye hai!"

"Hawezi kusema sasa," Ummkulthum alimwambia mumewe.

"Basi niombee radhi kwake."

Akaanza kusoma Yasini. Ummkulthum akamfuatisha, mpira umembana sikioni, mvua ikimpiga mgongoni. Sauti ikawa inakatika, inarudi, inakatika. Halafu mpira ukagugumia, na baada ya hapo hapakuwa na kitu isipokuwa maji.

Wazamiaji walipofika, hata wao hawakuweza kupenya. Maiti ilitolewa kesho yake, maji yalipopwa.

Ummkulthum akakaa eda katika nyumba ileile na mkwewe. Bi Kijakazi alimwekea chakula mlangoni, akaondoka. Waliokuja kuhani aliwaambia, kwa sauti ya kusikika mpaka chumbani, kwamba mwanawe alikatishwa tamaa kabla ya maji kumfika.

Alasiri moja aliingia, akakaa kwenye ncha ya mkeka.

"Alilia?"

Ummkulthum alitamani kusema hapana. Neno lenyewe lilimjia mpaka kwenye ulimi.

"Alilia, mama. Kisha akakuulizia."

"Akasema nini?"

"Alitaka radhi zako."

Bi Kijakazi alijifunika uso kwa ukaya wake wa kichwani. "Na mie nikamgeuzia uso," alisema.

Ummkulthum alijisogeza ukutani kumpisha nafasi mkekani, na mkwewe akajivuta, akakaa kando yake. Walikaa hivyo mpaka magharibi ikaadhiniwa, na hakuna aliyenyanyuka kuwasha taa.