Shingo ya Karekezi

Karekezi alikuwa na shingo isiyotii. Tangu utoto, kichwa chake kilimponyoka na kutikisika kushoto na kulia, upesi upesi, kama mtu anayekataa chakula. Mwalimu alimchapa kwa ajili hiyo. Watu wa kanisa walimwekea mikono mpaka nywele za utosini zikapungua, lakini shingo haikujua fimbo wala Zaburi. Mtu mmoja tu aliizoea, naye ni mkewe Blandine, na Blandine alikwisha kufa. Binti yao Christa alilelewa kijijini Burungu na kaka wa Karekezi, Nzabandora, ili awe karibu na shule. Karekezi alibaki juu malishoni na ng'ombe wa ukoo.

Alikuwa mpweke, na tusizunguke mbuyu. Aliyekuja kuchukua maziwa alichukua maziwa tu, akashuka. Siku nyingine Karekezi alisema neno kwa sauti, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Kisha Nzabandora akapanda mlima na habari. Christa alikuwa amechumbiwa na Mumbere, mtoto wa Papa Kataliko, mfanyabiashara mwenye duka huko Kibua, Walikale. Ni Wanande, watu wa Butembo, lakini walikubali kufuata desturi ya wafugaji na kuleta ng'ombe.

"Weye utabakia huku juu," Nzabandora alisema, akiangalia fimbo yake. "Unajua ile siku iko namna gani. Baba ya mutoto anakaa mbele, hasemi kitu, wageni wanamutazama uso tu. Kichwa yako ikitikisika wakati wanatoa ng'ombe, watasema umekatala. Watazirudisha. Mimi nitakaa mu kiti yako."

Lilikuwa kweli. Wasemaji wa pande mbili hupigana kwa maneno matamu siku nzima, lakini muhuri ni kichwa cha baba. Kikitikisika, hakuna mdomo wa kukitetea. Kaka yake alipoondoka, alikaa kwenye nyasi akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Karekezi akashuka kwenye kituo cha afya, ambako mwanamke mmoja, Dorothée, alikuwa akiwasikiliza watu walioota vita usiku. Karekezi hakuwa ameota kitu. Alikaa mbele yake, na shingo ikajieleza yenyewe.

"Inaitwa tic, mwili inajitikisa yenyewe," Dorothée alisema. "Haiko shetani, haiko bukichaa, na haiko kosa yako. Papa, mbele kichwa itikisike, unasikia nini?"

"Hakuna."

"Utazame muzuri. Ikikaribia, uinue kidole."

Kazi ya ajabu kwa mtu wa makamo, kuinua kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwanzoni kidole kilichelewa kila mara. Kichwa kilikuwa kimekwisha kutikisika na kutulia. Lakini alivyoendelea kurudi kwa Dorothée, alianza kukisikia kitu: mwasho mdogo chini ya sikio la kushoto, kama siafu aliyeingia kwenye ukosi. Miaka yote hiyo siafu alikuwa akipiga hodi, na Karekezi hakuwahi kumsikia.

Ndipo akafundishwa la kufanya. Siafu akija, usimpige vita. Vuta kidevu ndani kidogo, kaza shingo polepole, macho mbele, pumua taratibu, mpaka achoke aende zake. Dorothée alimwambia wazi kwamba haitaisha yote, itapungua tu. Alimwambia pia kwamba kugombezwa kunaiongeza, na kwamba nyumbani angehitaji mtu wa kumwona akifaulu na kumsifu.

"Niko peke yangu," Karekezi alisema.

"Basi ujisifu mwenyewe, papa. Kwa sauti."

Akafanya hivyo. Alifanya akikamua, alifanya akichunga, na kila siafu aliposhindwa alijiambia mbele ya ng'ombe, "Umefanya muzuri, Karekezi." Mpaka mahindi yalipokauka mashambani, aliweza kukaa muda mrefu wa kuota jua bila kichwa kumponyoka. Hakumwambia Nzabandora. Alitaka wamwone ameketi, ametulia, wafurahi. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, maana furaha ya ghafla si kila nyumba inaiweza.

Siku ya ng'ombe ilipofika, alinyoa, akavaa koti la harusi yake, akashuka. Ua wa Nzabandora ulijaa viti, na wageni wa Kibua walikuwa wakiingia. Karekezi akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha baba, akaketi. Nzabandora alipomwona, uso ulimbadilika rangi, lakini mbele ya wageni huwezi kumwinua mtu. Karekezi alidhani kaka yake anaiogopa shingo. Akavuta kidevu ndani, akamtolea tabasamu la kumtuliza.

Msemaji wa wageni, Papa Théophile, alikuwa mtu aliyeipenda sauti yake. Alisalimia wakubwa, akasalimia wadogo, kisha akavua kofia.

"Mbele ya kuongea maneno ya ng'ombe, tusimame wote. Tulielezwa kama baba ya binti yetu alikufaka wakati mutoto angali mudogo. Tumupatie minute de silence, tunyamaze kidogo kwa ajili yake."

Watu wakasimama. Karekezi naye akasimama, akitazama huku na huku amjue marehemu. Aliwaona ndugu zake wote wakiangalia chini. Wakati huo ndipo alipoelewa. Hawakuwa wamemficha. Walikuwa wamemzika.

Akatazama nyumbani. Christa alikuwa dirishani, nyuma ya pazia, amevaa kitenge cha sherehe. Macho yao yakakutana, na Karekezi akaona kwamba hakushangaa kwa kusikia kifo chake, alishangaa kumwona. Alijua tangu siku ya kwanza. Mkono wake ulipanda mdomoni, kisha pazia likashuka.

Siafu akaja. Akaja kwa nguvu asizowahi kuwa nazo. Karekezi akavuta kidevu, akakaza shingo, akapumua kama alivyofundishwa, na katika ua ule wote hakuna aliyesimama kimya kwa ajili ya Karekezi kama Karekezi mwenyewe.

"Asanteni, mukae," Papa Théophile alisema. Kisha akamgeukia. "Na huyu papa ya mbele, tumusalimie kama nani?"

Nzabandora akaangalia fimbo yake. Jibu lilikuwa kwa Karekezi, limefika ulimini. Alikuwa na haki nalo. Lakini alijua wageni wangesimama, wangeulizana nyumba hii inaficha nini kingine, na ng'ombe wangerudi barabarani. Aliona vidole vimeshika ukingo wa pazia.

"Njo mimi nachungaka ng'ombe ya hii nyumba," alisema.

Papa Théophile akafurahi. "Muzuri sana. Sisi tuko batu ya duka, tunajua sabuni na mafuta. Uende uzitazame, utuletee jibu."

Ndiyo desturi: mchungaji wa nyumba hukagua kwanza, baba hukubali baadaye. Karekezi akaenda nje ya ua. Akawafungua ng'ombe midomo, akawapapasa viwele, akawasikiliza pumzi, bila haraka. Alitamani apate hata mmoja mwenye kasoro, akaona haya kwa tamaa hiyo. Walikuwa ng'ombe wazuri.

Akarudi, akasimama mbele ya watu wote, shingo imetulia.

"Ng'ombe ni za muzuri," alisema. "Muchukue mutoto."

Vigelegele vikapanda. Alipogeuka, Nzabandora alikuwa kwenye kiti, akiitikia kwa kichwa. Bila kumtazama machoni, alimwomba mchungaji awapeleke ng'ombe juu mapema, wasije wakalala njiani.

Karekezi akawaswaga. Alikuwa nusu ya mlima vigelegele viliposikika tena, vikubwa kuliko vya kwanza, akajua Christa ametoka nje. Akageuka. Migomba ilificha ua wote, akaona moshi wa jikoni tu. Siafu akaja chini ya sikio. Karekezi hakuvuta kidevu. Aliacha kichwa kitikisike kilivyotaka, kwa sababu pale hapakuwa na mtu wa kumfichia.