Mti Ulioitwa Tasa

Tangu mumewe azikwe, mjane hakuwa amelia hata siku moja, na watu walishaanza kumtolea macho. Wifi yake, ambaye mdomo wake haujui likizo, alikwisha kumvuta binti pembeni na kumwambia mama yako si mzima, mchunge. Mzima alikuwa. Alikula akiwekewa, alilala akiambiwa alale, na kila asubuhi alimwagilia miti ya marehemu kwa sababu mikono ilikuwa imezoea. Ndani tu ndimo hamkuwa na kitu. Angefinywa angesema amefinywa, basi.

Siku hiyo kulikuwa na jambo moja la kuamua. Nyumba ya kupanga ilikuwa inarudishwa kwa mwenyewe, mjane anahamia kwa bintiye ghorofani, na kijiroshani cha huko kilitosha chungu kimoja tu cha miti hiyo. Vingine vingegawiwa. Na marehemu, jioni moja akiwa kitandani, alikuwa amemshika mkewe mkono akamwambia, "Mingine toa. Ule wa matunda usiutoe." Mkewe aliitikia, akijiambia kesho atamuuliza ni upi. Kesho yake mzee hakuamka.

Sasa kasheshe ni kwamba katika miaka yote ya kuruka vyungu kwenda kuanika nguo, mjane hakuwahi kuona tunda hata moja. Ilikuwa bonsai, miti ambayo mumewe aliifundisha kwa mkasi na waya ikae mifupi maisha yake yote, na yote aliijua kwa majani tu. Ndiyo maana yeye na bintiye wakamwita mwanamke mwenye kitalu cha miche, yule aliyekuwa akimuuzia mzee udongo na mbolea, aje autambue ule wa matunda.

"Pole tena, mama," alisema mwenye kitalu, akitoa mkasi kwenye mfuko wa aproni. "Tuanze na upi?"

"Wowote."

Alianza na mpera. Alilipindua jani, akatikisa kichwa. "Huu hapana. Jani ukilikatakata linazidi kuwa dogo, lina adabu. Tunda halimsikii mtu. Litakuja na ukubwa wake uleule, kwenye mti wa kimo cha birika."

Mkomamanga nao aliukataa kwa kosa hilohilo. Tunda moja tu lingelivunja tawi. Mforsadi ulikuwa na vitunda vya kufaa, lakini majani yake mapana yangevifunika vyote. Mjane alikuwa akiitikia kila hukumu kwa "haya", kama anayesomewa habari za mtaa mwingine.

"Na ule nyuma ya pipa?"

"Huo ni Tasa," binti alisema, akacheka kidogo. "Shangazi ndiye aliyeupa jina. Haujawahi kuzaa. Baba mwenyewe alikuwa anacheka tu."

Mwenye kitalu aliuvuta mbele, akapiga magoti. Aliuchunguza muda mrefu kuliko ile mingine. Majani yalikuwa madogo kuliko ukucha, vifundo vimekaribiana, miiba mifupi, mizizi imetambaa juu ya udongo pande zote. Akapitisha kidole gumba kwenye tawi, taratibu, akakirudisha tena.

"Mama, huu ndio wenyewe. Jamii hii hutoa vitunda vyekundu, vidogo kama dengu, vishada vishada. Na si tasa hata kidogo. Gusa hapa. Hivi vigutu ni vikonyo vya maua vilivyokatwa. Kila msimu ulikuwa unatoa maua, na kila msimu mtu anayaondoa."

"Nani?" aliuliza binti.

"Nani tena? Mzee. Matunda hula nguvu ya mti. Ukitaka shina linenepe, unaukatalia usizae mpaka likomae. Kisha unauachia."

"Likomae mpaka lini?" Mjane ndiye aliyeuliza. Binti aligeuka kumtazama, maana tangu msiba hakuwa amemuuliza mtu lolote.

Mwenye kitalu alilizungushia shina vidole, havikukutana. "Hili lilikuwa tayari zamani, mama. Miaka mingi tu."

Kitu cha kwanza kumrudia mjane kilikuwa hasira. Ilimpanda kutoka miguuni. Mwakani, mke wangu, ndivyo mzee alivyokuwa akimwambia. Mwakani tutakwenda kumwona dada yako. Mwakani tutabadilisha hilo paa la jikoni. Mwakani tutapiga picha studio, wawili, tumevaa vizuri. Na siku ya mazishi picha ilibidi itolewe kwenye kitambulisho chake, ikakuzwa mpaka uso ukawa ukungu. Mtu yule alikuwa na matunda yake nyuma ya pipa, akawa anayakata mwenyewe, na dada yake alipouita mti tasa, yeye akacheka.

"Bahati mbaya," mwenye kitalu alikuwa anaendelea, akifunua majani ya chini, "mwaka huu hakuna aliyeyakata maua." Vilikuwemo kweli, vishada vya kijani, vigumu, vimejificha. Mjane alikuwa amevimwagilia kila asubuhi asivione. "Sasa ukihamishwa na mzigo huu, ukaenda kwenye kivuli cha ghorofa, utachoka. Unaweza hata kufa. Tuviondoe vyote leo, upate nguvu. Mwakani tutauachia."

Akafungua mkasi.

Mjane alimdaka kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo hata yeye hakuitarajia.

"Acha."

"Mama, nakwambia unaweza kufa."

"Nimesikia. Ukifa, ufe umezaa."

Binti alisogea. "Mama, lakini Baba alisema usiutoe. Ukifa je?"

"Baba yako alikuwa mjinga," alisema mjane.

Hakuwahi kutamka neno la namna hiyo juu ya mumewe, si akiwa hai, sembuse sasa. Akalirudia, mjinga, mjinga mkubwa, na mara ya tatu neno halikumalizika, likageuka kilio. Alilia kwa sauti, amekaa chini palipolowa maji ya kumwagilia miti, chungu kikiwa katikati ya magoti yake. Binti alimshika mabega. Mwenye kitalu aligeukia ukuta, akawa anafuta mkasi ambao haukuwa umekata kitu.