Wake Wawili, Moto Mmoja

Mimi na Jamilah tulihama Arua kwa sababu Anguyo, mwenye nyumba, alisema sheria mpya itamfunga na yeye akiendelea kutuweka. Alisema taratibu, huku akitazama kitanda chetu kimoja. Upole wake ndio ulioniogopesha.

Koboko hatukujulikana. Tukasema sisi ni wake wenza, bwana wetu yuko Juba anauza saruji. Majirani wakaamini upesi. Hapa kwetu mwanaume asiyeonekana anaheshimiwa kuliko mwanamke aliyesimama mbele ya watu.

Lakini nililala na nguo za kutokea. Pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, Jamilah alimvuta bintiye Nabila kifuani. Tukijulikana, ukoo wa marehemu baba yake utamchukua, na hatutamwona tena.

Mchana mmoja jirani yetu, Hajati Medina, akasimama mlangoni pa jiko. Mimi nilikuwa nasonga ugali, Jamilah anachambua kunde.

"Nyinyi iko bibi ya mutu moja?"

"Ndiyo, Hajati."

"Bibi mbili, moto moja?"

Mwiko ukanikwama mkononi. Kwetu kila mke ana moto wake na chungu chake. Tulikuwa tumemtungia bwana jina, biashara, hata kikohozi. Jiko tukalisahau!

"Tena hamugombani," akasema. "Hata tusi moja! Kwa bomba ya maji wanauliza, hii bibi wenza gani, malaika?"

Jamilah akajichekesha. "Tunapendana tu, Hajati."

"Hiyo ndiyo wanasema."

Hofu yangu ikageuka hasira. Sisi ndio watu wa mwaka wa sabini na tisa, tuliokimbia vita na watoto mgongoni. Mama alinizaa Kongo, kwenye nyumba ya watu ambao hawakumuuliza anaswali wapi. Leo wakimbizi walewale wanahesabu mioto jikoni kwa mwenzao!

"Na wewe, Hajati," nikasema, "kule Kongo nani alikuficha?"

Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mimi na bibi mwenzangu Kadijah, Mungu amurehemu, tulifichwa pamoja. Bwana yetu alikufa njiani. Tukarudi sisi mbili, tukakaa sisi mbili mpaka nikamuzika." Akatazama jiko. "Yeye alipika huku, mimi huko. Tulitukanana mpaka imamu akachoka. Mutu hakuuliza kitu."

Jamilah akaziba mdomo kwa kanga.

"Iko wengine kama sisi," Hajati akasema. "Iko wawili kule Ludara, iko Severino na mwenzake. Ijumaa wanakuja kwangu, tunasuka mikeka. Mutakuja. Lakini leo mugombane. Sasa, watu wanatoka msikitini."

Tukapanga mafiga mengine uani, Hajati akatoka nje kwa watu. Jamilah akaanza:

"Mchawi wewe! Umemroga bwana!"

"Na wewe, umekuja na nini zaidi ya tumbo?"

Vichwa vikajitokeza juu ya ua. Mtu akacheka, "Eeh, leo iko moto!" Nikamrushia Jamilah ufagio.

Nabila akaanza kulia, kilio cha kweli, akikimbia kati yetu. Nikaacha kila kitu nimwendee. Nyuma ya watu, Hajati akatikisa kichwa: bado.

Nikatukana tena.