Mvua ya Kabatini

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, mwalimu wa sayansi ya mazingira alifungua kabati la chuma ofisini kwake akakuta daftari lake la kwanza la vipimo vya mvua linanyesha. Alikinga beseni akaenda kufundisha. Aliporudi aliyapima yale maji: milimita arobaini na moja, sawasawa na alivyoandika tarehe kama ile, miaka thelathini iliyopita. Alifurahi kwamba hakuwa amekosea.

Kesho yake madaftari mengine, moja kwa kila mwaka, nayo yalianza, na mhudumu wa usafi alizoea upesi.

"Mwalimu, leo nideki na mwaka gani?"

"Wa nne, dada. Wa tano una radi, utaniunguzia pazia."

Madaftari ya katikati yalitoa manyunyu tu. Matatu ya mwisho yalitoa vumbi, na la mwaka huu lilikuwa linakohoa.

Mwalimu, mpole kiasi cha kuomba radhi akikanyagwa, aliona hii ndiyo nafasi yake. Kwa miaka minane alikuwa akiandika taarifa kuomba miti ya nyuma ya maabara isikatwe kupisha maegesho ya magari, na hakuna aliyezisoma. Basi aliyapanga madaftari yote kwenye meza ya kikao cha chuo, kuanzia la zamani hadi jipya, kila moja na beseni lake. Wajumbe walikuja na miavuli, wakakunja suruali, wakaketi.

"Haya, mwalimu, tuambie," alisema mkuu wa chuo.

"Mvua inapungua, mkuu. Naomba miti ibaki."

Afisa majengo alichovya kidole kwenye beseni la kwanza. "Inapungua wapi? Mbona hapa maji tele?"

"Hayo ni ya miaka thelathini iliyopita."

"Lakini kidole kimelowa leo, mama."

Wajumbe waliona hoja ina uzito. Kikao kiliamua daftari la kwanza litundikwe kwenye maegesho mapya, lioshe magari. Miti ilikatwa Alhamisi.

Wiki ya tatu daftari lilifika kiangazi, mvua yake ikakatika. Mkuu alimwandikia mwalimu barua akimtaka aeleze kwa nini vipimo vyake havitoshi. Mwalimu alimpelekea taarifa yake kwa mara nyingine, kurasa kubwa kubwa, na zile muhimu akazitia alama kwa kalamu nyekundu.

Mkuu alimshukuru kwa moyo wote. Gari lake siku hizi lilikuwa linashinda juani, na ile taarifa, ikifunguliwa katikati, ilikifunika kioo cha mbele barabara.