Udongo Unaoshika Maji

Neli alikata udongo kwa jembe, akauinua kwa mikono miwili kama alivyozoea kuuinua, ndipo akakumbuka kwamba huu ni wa kutupwa. Akautia kwenye karai. Prisca, jirani yake, akajitwika karai akapanda nalo ukingoni, akaumwaga miguuni pa msimamizi aliyekuwa amesimama chini ya mwavuli, na wanaume wakaanza kuushindilia kwa magogo. Ulikuwa udongo mweusi unaoelekea kijivu, usio na mchanga hata chembe. Mama yake Neli alichimba hapo udongo wa vyungu maisha yake yote, na bibi yake vilevile. Sasa ulikuwa tuta la bwawa la samaki.

Jua la pande za Matema huchelewa kutoka kwa sababu ya milima, lakini likishatoka halina adabu. Maji ya shimoni yaliwafika kwenye vifundo vya miguu. Kazi hii iliitwa ajira ya muda. Kaya inayopokea ruzuku ya serikali, ikiwa na mtu mwenye nguvu, hutakiwa kumtoa akafanye kazi ya maendeleo. Kwa Neli mwenye nguvu alikuwa Neli mwenyewe. Mumewe, Enoki, alipigwa na kiharusi akiwa mtumbwini, na tangu siku hiyo mkono na mguu wa kushoto havimsikilizi, na maneno yanamtoka nusunusu. Mtumbwi ulishauzwa. Ruzuku ilinunua chakula na dawa zake za presha, na vyungu vya Neli vikafunika mapengo yaliyobaki. Asiyefika kazini aliondolewa kwenye mpango, kwa hiyo Neli alifika kila siku, hata siku alizokuwa na homa.

Bwawa lenyewe lilikuwa limeibuliwa na wananchi. Ndivyo walivyoambiwa wananchi. Mkutano uliitishwa kwenye ofisi ya kijiji, mtaalamu aliyetoka wilayani akaeleza kwamba siku hizi hakuna kuletewa miradi, kila kijiji kinaibua wake, na kijiji hiki kimeibua bwawa la samaki. Watu wakatazama ziwa. Lilikuwa palepale nyuma ya mgongo wake, maji matupu mpaka Malawi. Mzee mmoja akakohoa. Mtaalamu akasema samaki wa ziwani wamepungua, na hilo lilikuwa kweli. Akasema pia kwamba bwawa halichimbwi popote tu, linataka udongo unaoshika maji, na kwa bahati nzuri umeshapatikana.

Neli hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Siku hiyo alisimama, akashika pindo la kanga, akasema pale ndipo wanawake wanapochimba udongo wa vyungu.

"Ndiyo maana tumepapenda, mama," mtaalamu alisema kwa upole. "Udongo wenu ni mzuri sana."

Watu wakapiga makofi. Neli naye akapiga, maana alikuwa amesifiwa.

Masika yalipoingia, bwawa likajaa. Vikaletwa vifaranga vya samaki kwenye mifuko ya plastiki, ikapigwa picha, na uzio wa waya ukazungushwa. Ufunguo wa geti akakaa nao Zebedayo, mtendaji wa kijiji. Mvua kubwa za Aprili zikapandisha maji juu ya tuta, vifaranga vikaenda zao ziwani. Maji yakabaki. Machimbo yalikuwa chini yake, na udongo mwingine wa kufaa ulikuwa mbali, ng'ambo ya rasi, kwa watu wenye mitumbwi na machimbo yao. Wafinyanzi wengi wakaacha tu, bila tangazo. Prisca akaanza kukaanga mihogo barabarani.

Neli alikuwa amejiwekea mzigo mmoja wa udongo kabla maji hayajajaa. Kutokana na huo alifinyanga vyungu viwili vikubwa vya kupikia, vilivyoagizwa na mama mmoja wa Ipyana kwa ajili ya harusi ya binti yake. Alivilaza ndani ya nyumba vikauke, akavisugua kwa kokoto mpaka vikang'aa, akavipaka rangi nyekundu mabegani. Kilichobaki ni kuvichoma, na kuchoma kunataka nyasi kavu. Kila jani la nchi hiyo lilikuwa limelowa. Akasubiri.

Wakati anasubiri akaja Jubilate. Alikuwa mwezeshaji wa ajira, binti mwembamba mwenye sauti nzuri, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanaopokea ruzuku wapate shughuli ya kujitegemea. Aliwaita mmoja mmoja kwenye darasa la shule, kishikwambi mapajani, akawauliza wana ujuzi gani. Wote waliomtangulia Neli walisema kulima. Neli aliposema anafinyanga, Jubilate alifurahi waziwazi.

"Huo ndio ujuzi asilia tunaoutafuta, mama."

Neli akamwambia udongo hakuna. Jubilate akasikitika, akasema hiyo ni changamoto na itazingatiwa, akapitisha kidole kwenye kioo. Palikuwa na mahali pa mtaji, mahali pa soko na mahali pa mafunzo. Mahali pa udongo hapakuwepo. Basi Neli akapewa mafunzo, pamoja na Prisca na wenzao wengine. Walifundishwa jinsi ya kumchangamkia mteja na umuhimu wa kikundi kuwa na jina. Mwisho kila mmoja alivalishwa aproni ya njano iliyoandikwa kifuani: NINA UJUZI, NINAJITEGEMEA.

Siku moja mchana Zebedayo alifika nyumbani kwa Neli. Alisalimia kwa heshima zote, Mugonile, akaulizia hali ya Enoki, akakubali kigoda. Kisha akasema kesho wageni wanatoka Dodoma kuja kuona bwawa na wafinyanzi, naye Neli ndiye atakayefinyanga mbele yao.

"Udongo sina, mtendaji."

"Mama, mimi nimeshapeleka taarifa kwamba kikundi kinafanya kazi. Wakikukuta umekaa, wataandika umekaa. Na aliyekaa anatolewa. Si mimi, ni mpango."

"Sasa nichimbe wapi?"

Zebedayo alijigeuza kwenye kigoda. Macho yake yalikuwa yamepita mlangoni, yamefika kwenye vyungu viwili.

"Si hivyo hapo?"

"Hivyo vimeshafinyangwa."

"Lakini havijachomwa," alisema taratibu.

Mama yake Zebedayo alikuwa mfinyanzi. Vyungu vya mama huyo ndivyo vilivyomlipia shule, na yeye mwenyewe utotoni aliviloweka vile vilivyopata nyufa kabla ya moto, ili udongo wake utumike tena. Kwa hiyo Neli hakuwa na la kumweleza. Alimshukuru kwa kuja, ndaga fijo, akamsindikiza mpaka njiani.

Aliporudi alitoa beseni uani. Enoki alikuwa ameegemea ukuta, na alipomwona mkewe anatoka na chungu cha kwanza akasema, "A-a." Akarudia, "A-a," akitikisa mkono unaosikia. Neli akakiweka chungu ndani ya beseni, akamwaga maji. Kwa muda hakikufanya kitu. Halafu mdomo ukalainika, bega lenye rangi nyekundu likakunjamana, na chungu kikakaa chini polepole kama mtu aliyechoka. Uani pakanuka mvua. Neli akaleta cha pili. Alijua kwamba anaumia, ila maumivu yenyewe yalikuwa mbali, kama mtu anayemwita kutoka ng'ambo ya mto na yeye hasikii anachosema.

Kesho yake walifunguliwa geti. Neli akakalishwa kwenye mkeka juu ya tuta, amevaa aproni yake, bwawa likiwa nyuma yake kwa ajili ya picha. Alifinyanga. Mikono ilifanya kazi yenyewe, ikazungusha, ikainua, ikafunga shingo. Mgeni mkubwa, mama mnene mwenye miwani, alichuchumaa kabisa karibu naye, akauliza udongo mzuri namna hii wanautoa wapi. Zebedayo akawahi kujibu kwamba ni wa hapahapa, ni rasilimali ya kijiji.

"Na bwawa limewasaidia, mama?"

Neli akamtazama Zebedayo. Zebedayo alikuwa akitazama maji.

"Limetusaidia. Ndaga."

Mgeni akasimama, akafurahi kutoka moyoni, hilo lazima lisemwe. Akawaambia wote kwamba huyu mama ni mfano. Amepata ujuzi, amepata kazi, na kaya kama yake haipaswi kuendelea kukaa kwenye ruzuku wakati wapo wanaosubiri. Akamuuliza Jubilate kama wanaweza kuihitimisha kaya hii awamu hii hii. Jubilate akafungua kishikwambi, akapitisha kidole, akasema inawezekana.

Makofi yakapigwa. Neli naye alipiga, na matone ya udongo yakaruka mpaka kwenye maandishi ya kifuani.

Jubilate akapita kukusanya aproni, zilihitajika kwa kikundi kingine, Ndandalo. Ya Neli aliikunja vizuri, upande uliochafuka ukawa kwa ndani. Wageni walikuwa wanasubiriwa kwa chakula kwenye hoteli ya ufukweni, hivyo watu wakatolewa harakaharaka, geti likafungwa, na Zebedayo akapanda gari nao. Chungu kilibaki juu ya tuta, kibichi, peke yake.

Mvua ilianza kabla mlio wa gari haujapotea. Prisca alijifunika kanga kichwani, akamgusa Neli begani.

"Twende, dada. Utalowa."

Neli alikuwa ameshika waya wa uzio. Kule ndani shingo ya chungu ilikuwa imeanza kuinama upande wa bwawa, na maji ya kijivu yakiteremka kwenye tuta.

"Ngoja kiishe," alisema.