Meza ya Kobe

Ukitaka kunikasirisha, niambie mwanangu ni mzito. Mimi ni msusi, siku nzima navuta nywele za watu, na sihitaji kuazima nguvu za kukujibu.

Yalianza jioni moja, mwanangu Kijino, tuliyempa jina hilo kwa ajili ya pengo lake la mbele, aliporudi shuleni gauni limelowa hadi kiunoni. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba alikuwa akichota maji kwa sababu sasa yeye ni Kobe.

Darasa lao la pili lilikuwa limegawanywa meza tatu. Wepesi wanaitwa Tai, wa kati Njiwa, wazito Kobe. Mtoto wa dada yangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja na amekua na Kijino kama pacha wake, aliwekwa Tai. Wawili hao walijifunza kusoma kwenye mkeka mmoja, kitabu kimoja, wakigombania nani afunue ukurasa. Jioni ile nilipokifungua kitabu, Kijino alikusanya mikono mapajani.

"Hicho cha Tai, mama. Sisi hatusomi."

Kesho yake nilimwacha mteja na kichwa nusu kimesukwa nusu timutimu, nikaenda shuleni. Ilikuwa saa ya kusoma. Tai na Njiwa walikuwa ndani, sauti zao zinatoka madirishani. Kobe walikuwa nje. Wengine wanaosha vikombe vya walimu, wengine wanabeba ndoo, na wangu ameinama anafagia uwanja. Mwalimu wao akatoka akifuta chaki mikononi.

"Mama Kijino, karibu. Mbona ghafla?"

"Mwalimu, hii si saa ya kusoma?"

"Ndiyo, ila hawa hawaiwezi. Kuwasomesha ni kutwanga maji kwenye kinu. Bora wafanye kazi za mikono, wenzao wapate utulivu."

"Sasa kupanda meza wanapandaje?"

"Muhula ukiisha kuna jaribio la kusoma. Atakayefaulu anapanda. Atakayeshindwa safari hii ndiyo basi tena, mwakani Kobe watakuwa na chumba chao peke yao."

"Jaribio la kusoma, kwa watoto mnaowatoa nje saa ya kusoma."

"Mama, usiwe na jazba."

Mgala muue na haki yake umpe: mwalimu yule alikuwa peke yake na watoto wengi kuliko madawati, na sauti ilikuwa imemkauka. Lakini uchovu wake kwa nini aubebe mwanangu, tena kwa ndoo? Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Akaniambia utaratibu ni mzuri, maksi za shule zimepanda. Nikamuuliza maksi za nani. Akatazama saa yake.

Nikarudi nyumbani kumtafuta dada. Niliona tukienda wawili, mama wa Tai na mama wa Kobe, hapo hata jiwe lingesikia. Nilimkuta chumbani kwangu anakunja nguo za watoto, zangu na zake pamoja, kama tulivyozoea.

"Mdogo wangu, kila mtoto na riziki yake," akasema.

"Riziki gani, dada? Hawa herufi walizijua siku moja."

"Kwa hiyo unataka wangu arudishwe nyuma ili wako asione haya? Tangu wagawanywe, wangu anasoma kama maji. Tafadhali, usituharibie."

Usituharibie. Dada yangu, tumenyonya ziwa moja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hilo nilikuwa nalijua, ila sikujua kwamba wanaweza kula sinia moja. Nilichomoa gauni la Kijino kwenye lile fungu la nguo, nikatoka na kubamiza mlango, na mlango wenyewe ni wangu.

Jaribio likakaribia. Kijino kitabu hataki hata kukigusa, na mimi usingizi ulikuwa umenihama kwa hasira. Nikaamua. Kama tatizo ni uwanja, uwanja nitafagia mimi. Saa ya kusoma ikanikuta shuleni, nimejifunga kibwebwe, ufagio mkononi.

"Wanangu," nikawaambia wale Kobe, "leo kazi yote yangu. Wekeni ndoo chini, ingieni mkasome."

Hakuna aliyesogea. Walitazamana. Nikaanza kufagia ili waone sitanii. Kijino akanijia, akauchukua ufagio mkononi mwangu polepole.

"Mama, unafagia vibaya. Vumbi linaingia kwenye vikombe. Shika hivi." Akainama, akanionyesha. "Mwalimu anasema hakuna anayenishinda."

Na alikuwa na furaha. Muhula mzima sikuwa nimemwona na furaha ile. Mwanangu amepata kitu cha kuwa wa kwanza, na kitu chenyewe ndicho hicho.

Nikapandwa na mori. Nilimpokonya ule ufagio, nikauvunja mpini kwenye goti. Watoto wakatawanyika, wakidhani zamu inayofuata ni yao. Mwalimu akachungulia dirishani. Kijino peke yake hakukimbia. Aliviokota vile vipande viwili, akajaribu kuviunga, machozi yanamtiririka.

"Viache," nikamwambia. "Ingia darasani ukasome."

Akageuka kutazama kule ndani. Walikuwa wanasoma kwa pamoja, na sauti ya mtoto wa dada yangu niliisikia juu ya zote. Kijino akasikiliza kidogo. Kisha akanigeukia, akanijibu kwa upole, kama mkubwa anayemwelewesha mdogo.

"Mama, wale ndio wenye akili."